Anayeshuka Haulizwi

Tarehe 12 Januari

Kwa Shangazi, somo yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama aliyejikata kidole akifungua kopo, na Kaka ambaye amerefuka ghafla mpaka suruali zake za shule zimepanda juu ya vifundo vya miguu. Mama anamcheka Baba kwamba fundi cherehani kuwa na mtoto mwenye suruali fupi ni sawa na mwoka mikate kulala na njaa. Mdogo wangu Chiriku anaongea tangu ulipoondoka na bado hajapumzika.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu Baba huiweka simu kwenye spika, juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, na kila mteja anayekuja kupimwa huchangia mazungumzo. Nina jambo ambalo halifai spika.

Mwaka jana Baba alipimwa akaambiwa sukari yake imepanda. Alirudi nyumbani akasimama mbele ya cherehani yake, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyomshtaki kwa daktari. Jioni akatuita sote. Akasema, "Mimi nimekaa kitini miaka yote hii mpaka damu imekuwa gundi. Katika nyumba hii hakuna mtoto atakayekaa. Kila mtoto mchezo mmoja, na hakuna kuacha." Kaka akachukua mpira wa kikapu. Chiriku akachagua kuruka kamba, kwa sababu anaweza kuruka huku anaongea. Mimi nikachagua kuogelea.

Sikulalamika, Shangazi. Napenda maji. Nikiwa ndani yake hakuna anayeniita, na mwili wangu, ambao nchi kavu hujikwaa kwenye kila kizingiti, unajua la kufanya. Usingizi wangu umekuwa mzuri na hata hesabu zangu zimepanda. Kwa hiyo usifikiri ninakuandikia kwa uvivu.

Tatizo ni ubao. Bwawa la shule yetu lina mbao mbili za kurukia, mmoja wa chini na mmoja wa juu, unaofikiwa kwa ngazi ya chuma. Baba alikuja kunichukua siku moja akauona ule wa juu. Akamwuliza mwalimu wetu wa kuogelea, ambaye tunamwita Filimbi kwa sababu huwa nayo mdomoni hata anapokula, "Ule ni wa nani?" Mwalimu akajibu, "Wa anayetaka." Baba akasema, "Binti yangu anataka. Huyu ni somo wa dada yangu. Dada yangu aliruka kutoka ukuta wa bwawa la kiwanda akiwa na miaka tisa, bila kushikwa mkono."

Shangazi, mimi sitaki. Nikiutazama tu ule ubao kutoka chini, nyayo zangu huanza kuwasha. Lakini nina jina lako. Naomba uniambie uliruka vipi. Ulifumba macho? Ulifikiria nini?

Ni mimi,
Somo yako mdogo

*

Tarehe 2 Februari

Kwa somo yangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, ya pili ni ya Chiriku aliyesahau kunisalimia kwa kuwa na mengi ya kusema. Mwambie mama yako kidole akifunge na asikiloweshe, namjua, atakuwa ameshakitia kwenye maji ya vyombo. Kikohozi kimeondoka, kimehamia kwa mpishi wa hosteli yetu, mama mmoja mwema tunayelala naye chumba kimoja. Sasa anakohoa yeye, mimi ndiye ninayekosa usingizi.

Kazi inaendelea. Jengo tunalosafisha sasa lina vioo upande mzima, na vioo vyenyewe vinaonyesha mawingu, kiasi kwamba ukikaa sana juu unaanza kujiuliza lipi ni anga na lipi ni dirisha. Juzi nilikuwa nimening'inia kwenye kamba yangu nje ya ghorofa ya kumi na nne. Ndani bwana mmoja alikuwa amelala juu ya kompyuta yake. Nikapangusa kioo, kwiii, akafumbua macho akaniona nje, nimevaa kofia, nimebeba ndoo. Yule bwana alidhani siku yake imefika. Nilimwona midomo inasema toba.

Msimamizi wetu tunamwita Fundo. Hamwamini mtu yeyote kufunga kamba. Ukifunga atafungua, afunge, akuangalie kana kwamba ulitaka kujiua, kisha akupe chai. Fundo ana sheria moja ambayo nataka uijue. Mtu yeyote aliye kwenye kamba akisema "Nashuka", anashushwa. Haulizwi kwa nini. Hachekwi. Haambiwi amalizie dirisha hilo moja tu. Kila mtu ananyamaza mpaka buti zake ziguse chini. Zikishagusa, ndipo aulizwe, na akitaka kujibu "nilichoka tu", basi alichoka tu. Anayeshuka haulizwi. Nimeona majitu yenye vifua kama makabati yakisema neno hilo, na kesho yake yakapanda tena.

Kuhusu michezo, baba yako hajakosea. Mwili usiotumiwa ni kama cherehani isiyotiwa mafuta, na yeye anajua hilo kwa pande zote mbili. Mtoto hatambui faida ya jasho mpaka alazimishwe kidogo, kama alivyolazimishwa kupiga mswaki. Ogelea, somo. Ogelea sana.

Kuhusu ule ukuta, hayo ni mambo ya zamani. Baba yako alikuwa mdogo.

Salimia wote. Kula vizuri.

Shangazi yako

*

Tarehe 20 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Chiriku amesema nikuandikie shikamoo yake kwa herufi kubwa: SHIKAMOO. Kidole cha Mama kimepona ingawa kweli alikitia kwenye maji ya vyombo. Kaka ameingia timu ya shule, na sasa hapiti mlangoni bila kuruka kugusa fremu ya juu, mpaka rangi imetoka.

Nilicheka sana kwa yule bwana wa ghorofa ya kumi na nne. Kisha nikaacha kucheka, maana niliona kwamba hukunijibu.

Nilipanda, Shangazi. Jumanne. Ngazi ilikuwa na maji na vidato vyake ni vyembamba, vinauma nyayo. Ubao wenyewe umewekwa kitu cha kukwaruza ili watu wasiteleze, ni kama kupita juu ya kikunio. Nilifika katikati. Nikaangalia chini kumwona Mwalimu Filimbi, nikaona kofia yake tu. Maji yalikuwa na mistari myeusi sakafuni, na ile mistari ilikuwa inatembea. Nilijua haitembei, nimeogelea juu yake mara nyingi, lakini ilikuwa inatembea. Masikio yakaziba. Nikakaa chini, nikarudi kinyumenyume kwa makalio mpaka kwenye ngazi. Wasichana waliokuwa foleni wakasema, "Haya, kaa limerudi baharini!" Mwalimu akawapigia filimbi, na mimi hakuniambia neno.

Nyumbani sikusema. Lakini Chiriku alisikia kwa dada wa rafiki yake, na unajua habari ikishaingia kwa Chiriku imeshatangazwa. Baba aliacha kukanyaga cherehani. Hakunikasirikia. Heri angenikasirikia. Alisema taratibu sana, "Utaruka siku ya wazazi, mwezi wa nne. Nitakuwepo. Ukishuka kwenye ile ngazi mbele za watu, utaishuka maisha yako yote. Mimi nakuambia."

Jana alianza kunishonea vazi la kuogelea. Kitambaa ni cha buluu nzito, amekinunua mjini, na mishono yake ni midogo sana, nadhani hajawahi kumshonea mteja kwa uangalifu hivyo. Ananipima na kunigeuza, anasema, "Litakushika vizuri, hata ukiingia maji kwa kishindo." Nasimama nimenyoosha mikono, na moyo unanidunda hadi naogopa atausikia kwenye futi yake ya kupimia.

Sasa nikupe kichekesho. Darasani tulikuwa na mdahalo, hoja ikiwa: Wazazi wawalazimishe watoto wao kucheza michezo. Mwalimu akaniweka upande wa kuunga mkono. Nilisimama nikasema juu ya moyo, mapafu, nidhamu, na watoto wanaokaa mbele ya skrini mpaka macho yanakuwa mekundu. Tulishinda. Walinipigia makofi. Na nilichosema nilikiamini, Shangazi, hicho ndicho kinachonichanganya. Naamini kila neno, na usiku huo sikula.

Niambie juu ya ule ukuta. Tafadhali.

Somo yako mdogo

*

Tarehe 15 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Sijapata barua yako. Huenda imechelewa njiani, au umechoka na maswali yangu. Kama ni maswali, nayaondoa. Huna haja ya kuniambia habari za ukuta. Niandikie tu za ndoo na za Fundo.

Juzi simu ililia wakati wa chakula cha mchana. Baba aliitazama namba, na kwa mara ya kwanza hakuiweka spika. Alitoka nayo hadi uani. Aliporudi alisema ilikuwa ya mteja. Lakini alishona mkono wa kulia wa shati la mtu mahali pa mkono wa kushoto, akafumua, akaushona pale pale tena.

Kila nikimwuliza Mama juu yako anasema, "Shangazi yako yupo, hajambo, kula." Husema hivyo huku amenipa mgongo.

Somo yako

*

Tarehe 18 Machi

Kwa somo yangu,

Marahaba. Nimepata barua yako ya Februari nikafurahi. Mimi sijambo. Niliteleza kidogo kazini nikaumia bega, hakuna cha kutisha, ndiyo maana sikukuandikia mapema. Hongera kwa mdahalo. Msalimie Kaka na mwambie aache rangi ya mlango.

Usihangaike. Ogelea.

Shangazi yako

Mwanangu, mimi ndiye ninayeandika, mpishi, kwa sababu mkono wake wa kulia umefungwa. Hataki niongeze neno na sasa hivi ananitolea macho kutoka kitandani. Nimemwambia najaza nafasi iliyobaki kwa salamu. Mwandikie. Barua zako anazilaza chini ya mto.

*

Tarehe 30 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama mpishi.

Niliona mwandiko kwenye bahasha, ule wa duara, mzuri, usio wako, na niliogopa kuifungua. Niliishika mpaka ikalowa jasho. Mimi ninazijua herufi zako, zinalala upande mmoja kama watu wanaokimbilia basi. Nilipoona haya maduara yaliyosimama wima nilidhani ni mtu ananiandikia kuniambia kwamba wewe hupo.

Kuteleza kidogo hakumfungi mtu mkono na kumlaza kitandani. Mimi si mdogo kiasi hicho.

Nina swali moja, na hili siliondoi. Ulisema lile neno? Ulisema "Nashuka"? Kama ulisema na hawakukushusha, basi Fundo ni mwongo. Na kama hukusema, kwa nini?

Siku ya wazazi ni tarehe 25 Aprili. Vazi limekwisha. Limetundikwa kwenye msumari karibu na dirisha, na upepo ukiingia linajijaza kama kuna mtu ndani. Nikipita mlangoni nageuza uso. Mwalimu Filimbi ameniuliza peke yetu kama kweli nataka kuruka. Nilisema ndiyo, kwa sababu Baba ameshamwambia kila mteja. Hata yule bwana anayetengenezewa suti ya harusi amesema atakuja.

Sasa kila nikiwaza ubao nakuona wewe ukianguka. Sijui ulivyoanguka, kwa hiyo nakuona ukianguka kwa kila namna.

Somo yako

*

Tarehe 10 Aprili

Kwa somo yangu,

Marahaba, mwanangu. Naandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinatembea kama walevi. Nimeandika kidogo kidogo, siku kadhaa, na mpishi ananikatia vitunguu vyake hapa hapa kitandani ili aone sidanganyi. Machozi yakionekana kwenye karatasi ni ya vitunguu.

Umeniuliza kama mtu mzima, nitakujibu hivyo.

Sikusema.

Upepo siku ile ulianza kwa utani, ukatikisa ndoo, ukanipapasa kofia. Mwenzangu wa kamba ya pili akasema, "Nashuka." Wakamshusha, kimya, kama sheria ilivyo. Mimi neno lilifika ulimini likakaa. Nikajiambia, nimalizie dirisha hili moja. Fundo hakuniambia nimalizie, nilijiambia mwenyewe. Upepo ukanibeba ukanirudisha kwenye ukingo wa zege. Bega, mkono, mbavu mbili. Kamba ilinishika. Kamba ya Fundo haijawahi kumwacha mtu. Nitapona, daktari anasema, na huyu daktari hana uso wa kudanganya.

Sasa kuhusu ukuta, maana ndio ulionifunga mdomo.

Babu yako alikuwa mlinzi wa kiwanda. Ndani kulikuwa na bwawa la maji ya kupozea mitambo, lenye ukuta mrefu na ngazi ya chuma. Hakuwa mtu mbaya, somo. Alitulea vizuri, alitupa viatu kabla ya kujinunulia vyake. Lakini aliamini mtoto hukomaa akitupwa mahali penye kina. Jumapili moja alitupandisha, mimi na baba yako, turuke. Baba yako alikuwa wa kwanza. Alitazama maji, akageuka, akashuka ile ngazi, akipapasa kila kidato kwa mguu kabla ya kukikanyaga. Walinzi wenzake babu yako walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakampa jina, Kidato. Jina hilo lilimfuata shuleni, likamfuata kwenye ufundi, likaja mpaka kwenye harusi yake. Mama yako anaweza kukusimulia nani alilipaza ukumbini.

Alipofika chini alivua shati akajifunika uso. Ndipo mimi nilipokuwa juu.

Sikuruka. Nilisema, "Baba, naomba nishuke." Mkono wa babu yako ulikuwa mgongoni mwangu, wa joto, nikadhani ananishika. Kumbe ananisukuma.

Baba yako alisikia kishindo cha maji tu. Alipotoa shati usoni alinikuta naogelea na watu wanapiga makofi. Tangu siku ile anaamini niliruka. Hajawahi kuniuliza, kwa kuwa kuniuliza ni kukumbuka ngazi. Na mimi sijawahi kumwambia, kwa kuwa babu yako alikuwa hai na alipenda kuisimulia. Hivyo ndivyo tulivyozeeka, ndugu wawili, kila mmoja akimwonea mwenzake wivu wa bure. Watu huniuliza kama napenda kazi yangu kwa sababu siogopi urefu. Naogopa kila siku. Naipenda kwa sababu kule juu kuna kamba na kuna mtu aliyeishika.

Sitamwambia baba yako namna ya kulea. Anataka muwe na damu nyepesi na mioyo yenye nguvu, na hilo ni pendo, usilikatae. Ila kumlazimisha mtoto aingie majini, na kumlazimisha aruke akiwa anatetemeka, mimi sidhani ni jambo moja. Barua hii ni yako. Ukiona inafaa mikononi mwake, mpe. Ukiona haifai, ilaze chini ya mto, kama nilalazavyo zako.

Shangazi yako

*

Tarehe 5 Mei

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Bega likoje? Mbavu? Unaweza kucheka bila kuumia? Nauliza mapema kwa sababu Chiriku anakuja mbele huko.

Niliisoma barua yako chooni, mahali pekee penye komeo. Kisha nilitembea nayo siku nyingi ndani ya soksi. Niliogopa kumpa Baba kuliko nilivyoogopa ubao. Niliwaza, nikimpa ataona kwamba ninajua jina lile, Kidato, na hataweza tena kunitazama akiwa na futi yake shingoni. Nani anataka mtoto wake ajue alichekwa? Na nisipompa, nitaruka, au nitashuka na kumwacha akichekwa mara ya pili kupitia kwangu.

Siku ya wazazi ilipokaribia niliiweka juu ya cherehani yake, chini ya mkasi, nikaenda shule. Niliporudi haikuwepo. Baba alikula, akaosha mikono, akapima suti ya yule bwana wa harusi. Kesho yake vile vile. Niliikuta barua ndani ya mkoba wangu wa shule, imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Lakini vazi lilikuwa bado msumarini na hakuna aliyeniambia usiruke. Sikujua kama ameisoma na ameamua vile vile. Hilo, Shangazi, ndilo lilinitisha kuliko yote: kwamba mtu anaweza kujua na bado akakusukuma.

Siku yenyewe watu walijaa. Mama alikaa karibu na Kaka, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Baba hakukaa. Alisimama kule nyuma akiwa na koti lake, mwembamba kuliko ninavyomwona nyumbani. Wawili walinitangulia wakaruka, wakapigiwa makofi. Mwalimu Filimbi akaita jina letu.

Nilipanda. Vazi lilinishika vizuri kama alivyosema, halikuvuta popote, na nikiwa kwenye kidato cha juu nilitamani lingekuwa baya. Nilipita juu ya kile kikunio cha ubao. Mistari chini ikaanza kutembea. Nilifika mwisho, mbele zaidi ya siku ile. Vidole vya miguu vikatoka nje ya ukingo. Nikasikia mtu anahesabu, kisha wengi wanahesabu, na wakamaliza kuhesabu na mimi nilikuwa bado niko pale. Mtu akapaza sauti, "Ruka basi, tumechoka!" Vicheko. Nilijua nikisubiri zaidi nitaruka kwa hofu ya vicheko tu, na hiyo ingekuwa kusukumwa pia.

Nikasema, "Nashuka."

Ilitoka ndogo sana, Shangazi. Nadhani ilifika mahali pa kofia ya Mwalimu ikafia hapo. Nikasema tena, kwa sauti: "Nashuka!"

Wakaanza, "Aaaah!" na yule yule akasema, "Kaa!" Nikageuka. Nikashika ngazi, nikashusha mguu, nikapapasa kidato. Sikuthubutu kutazama chini. Ndipo nikahisi ngazi, ambayo hutikisika siku zote kwa kuwa nati zake zimelegea, imetulia. Haikutikisika hata kidogo. Nikatazama chini ya kwapa langu. Baba alikuwa ameishika kwa mikono miwili, miguu ameitanua, viatu vyake vya ngozi viko ndani ya maji yaliyotuama kwenye vigae. Kichwa amekiinua, ananitazama nyayo.

Watu walikuwa bado wanasema. Yule bwana wa suti alisema, "Fundi, mwambie binti ajaribu tena." Baba hakugeuka. Hakujibu. Hakuniambia pole, hakuniambia haraka, hakuniambia chochote. Kila nilipopapasa kidato nilikikuta.

Nyayo zangu ziligusa vigae. Hapo akaachia ngazi. Mikono yake ilikuwa na kutu. Akasema, "Sasa naruhusiwa kuuliza?"

Nikasema, "Uliza, Baba."

Akauliza, "Unasikia baridi?"

Akanivisha koti lake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, wote, viatu vya Baba vikilia kwa maji. Hakuna aliyesema, isipokuwa unajua nani. Chiriku alitembea kinyumenyume mbele yetu akasema, "Baba, sheria ni kila mtu mchezo mmoja. Wako ni upi?" Kaka akamwambia, "Nyamaza wewe!" Baba akasema sheria ni ya watoto. Chiriku akasema, "Kwani wewe si mtoto wa Babu?" Mama aligeukia ukuta wa nyumba ya watu akacheka mpaka akashika ubavu. Baba alipiga hatua kadhaa. Kisha akasema, "Wangu ni huu. Kutembea." Jana jioni alifunga cherehani mapema, akavaa raba za zamani za Kaka, tukazunguka mtaa, mimi na yeye. Alihema sana. Tulipofika kwenye kilima kidogo cha posta alisimama, akanishika bega, akasema, "Leo naishia hapa." Sikumwuliza kwa nini. Tukarudi.

Sheria bado ipo, Shangazi. Kila mtoto mchezo mmoja. Ila ile "hakuna kuacha" sijaisikia tena. Na mimi Jumanne niliingia majini kama kawaida, upande wa chini, nikaogelea vizuri. Walinitania kwa jina la kaa. Kaa huogelea, niliwaambia.

Bado naogopa ubao. Siku nyingine labda nitapanda tena, kwa kuwa sasa najua ile ngazi inateremka pia. Baba amekaza nati zake. Alikwenda na spana yake mwenyewe, Mwalimu Filimbi akamshikia taa.

Sasa nina hofu moja tu, ni wewe. Wakikuita urudi juu, utakwenda? Na ukienda, na upepo ukianza utani wake?

Somo yako mdogo

*

Tarehe 8 Juni

Kwa somo yangu,

Marahaba kwako, kwa Mama, kwa Kaka na fremu yake. Mwambie Chiriku swali lake limenigharimu ubavu mmoja ulioanza kupona.

Baba yako alinipigia simu. Hakuiweka spika. Hatukusema mengi, tuliulizana tu, mara mbili tatu, "Upo?" "Nipo." Kisha akaniuliza kama maji ya bwawa lile yalikuwa ya baridi. Nikamwambia yalikuwa ya moto, maji ya mitambo. Akasema, "Miaka yote nimedhani yalikuwa ya baridi." Akakata simu, akapiga tena kuniaga.

Leo wameniita. Fundo alinifunga kamba, akafungua, akafunga. Nikaanza chini safari hii, nikapandishwa polepole. Asubuhi ilikuwa nzuri, hakuna hata jani lililotikisika. Nilifika ghorofa ya tatu. Nikaweka kitambaa kwenye kioo, na mkono ukakataa. Nilijiona kwenye kioo, kofia, ndoo, na nyuma yangu mawingu.

Nikasema neno.

Walinishusha kimya kimya. Fundo alikuwa ameshika kamba. Buti zangu zikagusa chini. Wote walinisubiri, niseme nisiseme. Nikawaambia, "Nilichoka tu."

Fundo akanipa chai.

Shangazi yako, somo yako mkubwa